Marehemu Michuki na Mguu wa Dereva

Wanachama wenzangu waliniomba niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kufariki dunia. Nadhani wengi walitarajia nimchague Dedan Kimathi, au Mekatilili wa Menza, au Shaaban Robert. Hao nawaheshimu sana, lakini habari zao tunazisoma darasani kila mwaka. Mimi nimemchagua mtu ambaye jina lake hutajwa kila siku katika steji za Umoja, Kayole, Dandora na Buru Buru, ilhali wengi wanaolitaja hawamjui hata sura. Huyo ni marehemu John Njoroge Michuki.

Sikilizeni mambo yanavyokuwa asubuhi. Matatu imetoka Donholm, imeingia Jogoo Road, imejaa, na redio imefunguliwa hadi vioo vinatetemeka. Mara tu makanga anapowaona askari wa trafiki kule mbele karibu na City Stadium, hugeuka akatuambia tufunge mikanda ya Michuki haraka. Basi watu wazima, wenye suti na wenye mifuko ya sukumawiki, wote huanza kupapasa chini ya viti. Gari likishawapita askari, mikanda hufunguliwa. Ati imechafuka, itaharibu shati! (Mwalimu mlezi wa chama chetu hupendelea neno utingo badala ya makanga, nami namheshimu, lakini makanga wa Kayole ukimwita utingo hatageuka.)

Siku moja nikajiuliza, huyu Michuki ni nani hasa, na kwa nini sheria ya nchi nzima ikapewa jina la mtu mmoja?

Alizaliwa tarehe 1 Desemba 1932 katika kijiji cha Muguru, lokesheni ya Iyego, huko Kangema katika wilaya ya Murang'a, ambayo wakoloni waliiita Fort Hall. Baba yake alikuwa chifu. Kijana Njoroge alisoma hadi akafika shule ya Mang'u, ile ile waliyosoma Tom Mboya na Mwai Kibaki, na baadaye akaenda Chuo Kikuu cha Oxford kule Uingereza. Aliingia katika utawala wa serikali wakati ambapo Waafrika waliokalia kiti cha DC walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Baada ya uhuru alipanda hadi akawa Katibu wa Kudumu katika Wizara ya Fedha. Mwaka 1970 serikali iliponunua hisa nyingi za benki ya National and Grindlays, na Kenya Commercial Bank ikazaliwa, Michuki akawa mwenyekiti mtendaji wake hadi mwaka 1979.

Siasa aliingia baadaye. Alipata kiti cha Bunge cha Kangema mwaka 1983, akakipoteza mwaka 1988 katika ule uchaguzi wa mlolongo ambao wazee wetu bado wanausimulia kwa kucheka na kusikitika, kisha akarudi Bungeni mwaka 1992 vyama vingi viliporuhusiwa. Alikuwa tajiri. Hoteli ya Windsor yenye uwanja wa gofu hapa Nairobi ilikuwa mali yake. Watu wa kwao walimpa jina la utani la Kimeendeero, neno la Kikikuyu ambalo maana yake ni mpondaji, yaani mtu anayesaga kilicho mbele yake. Jina hilo mliweke akilini.

Miaka hiyo yote naipita upesi kwa makusudi, kwani lau Michuki angestaafu akiwa na miaka 69, leo angekuwa jina tu katika orodha ya wenyeviti wa benki. Mambo yaliyomfanya ajulikane mpaka kwa mtoto wa darasa la kwanza huko Dandora aliyafanya baada ya kutimiza miaka 70.

Kabla sijafika huko, hebu turudi nyuma kidogo tuiangalie matatu yenyewe. Inasemekana jina hilo lilitokana na nauli ya zamani ya sarafu tatu za senti kumi, wakati magari madogo ya watu binafsi yalipoanza kuwabeba wakazi wa mitaa ya Waafrika, nyingi ikiwa upande wetu huu wa Mashariki. Mwaka 1973 Mzee Jomo Kenyatta aliyaruhusu magari hayo yafanye kazi bila leseni maalum za uchukuzi. Biashara ikapanuka mpaka ikawa ndiyo inayoibeba Nairobi. Ila ilikuwa na kanuni moja ambayo haikuandikwa popote: mwenye gari hupewa kiasi fulani cha pesa kila jioni, na kinachozidi ndicho cha dereva na makanga. Hiyo ndiyo tageti. Dereva anayeendesha polepole hupeleka tageti nyumbani kwa tajiri na yeye akalala njaa. Anayekimbia, anayepita juu ya vijia vya miguu, anayebeba watu mpaka mlangoni wakaning'inia kama popo, huyo ndiye alaye nyama. Na dereva wa skwodi, yaani yule anayeshikilia gari kwa saa chache mwenyewe akienda kupumzika, huyo hana hata sababu ya kulionea huruma.

Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililonifanya niandike makala haya. Mguu wa dereva haukanyagi mafuta kwa ukorofi peke yake. Unakanyaga kwa sababu ya hesabu ya jioni. Mtu akitaka kutengeneza kifaa cha kumsaidia dereva aende salama, au cha kumzuia, lazima kwanza aijue hesabu hiyo, la sivyo kifaa chake kitashindwa na waya moja na koleo.

Uchaguzi wa Desemba 2002 ulileta serikali ya Narc, na Januari 2003 Rais Kibaki akamteua Michuki kuwa Waziri wa Uchukuzi na Mawasiliano. Wakati huo ajali za matatu zilikuwa habari za kila wiki, na mawaziri waliotangulia walikuwa wametisha na kukemea bila mafanikio. Mzee huyu hakukemea sana. Oktoba 2003 alitoa Tangazo la Kisheria nambari 161, akaweka tarehe: ifikapo 1 Februari 2004, gari lolote la abiria ambalo halijatimiza masharti halitaingia barabarani.

Masharti yenyewe mnayaona mpaka leo ingawa mengine yamefifia. Mkanda wa usalama kwa kila kiti. Nissan zile za abiria 18 na ziada zikaambiwa zibebe 14 tu. Mstari wa manjano ubavuni ukiwa na njia ya gari imeandikwa. Sare kwa dereva na makanga, na beji. Picha ya dereva ibandikwe ndani ambapo abiria wataiona. Dereva na makanga waajiriwe kwa mshahara wa mwezi. Na zaidi ya yote, kila gari la abiria na kila lori kubwa lifungwe kidhibiti mwendo, ambacho mitaani tunakiita spidi gavana, ili lisipite kilomita 80 kwa saa.

Tazameni orodha hiyo vizuri. Mimi mwanzoni niliisoma kama vile mtu anavyosoma sheria za bweni, kitu baada ya kitu. Halafu nikaona kwamba kati ya masharti yote ni machache sana yanayohusu chuma. Mengi yanahusu tabia. Picha na beji ni za yule dereva aliyezoea kugonga mtu na kutoroka bila kujulikana jina. Mshahara wa mwezi ni wa kuua tageti. Hata mstari wa manjano ni wa kuzuia gari la njia moja kukimbilia njia nyingine penye abiria wengi. Mzee wa benki alijua kwamba kidhibiti mwendo pekee yake ni kama kufuli kwenye mlango ambao mwenye nyumba mwenyewe anataka kuuvunja.

Siku ilipowadia, magari mengi hayakuwa tayari. Wenye matatu walidhani Waziri atalegeza kamba, kama ilivyokuwa desturi. Tarehe 1 Februari ilikuwa Jumapili, basi kasheshe yenyewe ikaonekana Jumatatu. Wazazi wetu wanasimulia jinsi Jogoo Road ilivyojaa watu wa miguu tangu alfajiri, wengine wamevua viatu vya ofisini wakavishika mkononi, wakielekea mjini kama maandamano yasiyo na bango. Magari machache yaliyokuwepo yalipandisha nauli. Watu walimlaani Michuki kwa lugha zote za Kenya. Naye hakurudi nyuma hata hatua moja.

Baada ya siku kadhaa magari yakaanza kurudi, moja moja, yakiwa na mstari wa manjano unaonukia rangi mbichi. Abiria wakakaa kila mtu na kiti chake. Wale wanaoyakumbuka majira hayo huyasimulia kama ndoto: makanga mwenye sare anaomba nauli kwa adabu, hakuna mtu amekukalia mapajani, na gari likifika mwisho wa mwendo wake linagoma kuongeza. Ajali zikapungua katika miezi ya kwanza. Waliomlaani wakaanza kumsifu.

Sasa niwaeleze kifaa chenyewe kinavyofanya kazi, kwa kuwa nimemuuliza fundi mmoja wa mtaani kwetu na pia nikamsumbua mwalimu wa Fizikia. Kidhibiti mwendo kina sehemu tatu za maana. Kwanza kuna kihisi kinachofungwa karibu na giaboksi, nacho huhesabu mizunguko na kuibadilisha iwe ishara ya umeme. Pili kuna kisanduku, ambacho hupokea ishara ile na kukokotoa mwendo. Tatu kuna vali au kifaa kingine kinachogusa njia ya mafuta. Kisanduku kikiona gari limefika 80, hupunguza mafuta yanayoingia kwenye injini. Dereva anaweza kukanyaga mpaka mguu utoboe sakafu, gari haliongezi. Ni kama mtoto anayenyonya chupa iliyobanwa.

Mafundi wa Nairobi hawakuchukua muda mrefu kuielewa chupa hiyo. Ukikata waya wa kihisi, kisanduku hudhani gari limesimama, na gari lililosimama halina haja ya kubanwa. Kukata kabisa ni hatari kwa sababu polisi wakikagua wataona, kwa hiyo ikabuniwa swichi ya siri. Dereva hubonyeza, gavana linalala. Akiona kofia ya askari mbele hubonyeza tena, linaamka. Wengine walibeba kisanduku ambacho hakikuunganishwa na chochote, pamoja na cheti chake kizuri chenye muhuri. Siku moja jioni mimi mwenyewe nilikuwa nimeketi kiti cha mbele katika matatu ya kampuni ambayo sitaitaja. Tulipoingia barabara nyeupe dereva akapeleka mkono chini ya usukani, nikasikia kitu kimelia, na gari ambalo lilikuwa linasuasua likaruka kama limechomwa sindano. Sikusema neno. Nilifunga mkanda, bila kuambiwa na mtu.

Hapo ndipo ninapoona jambo ambalo vitabu vyetu havilisemi. Kidhibiti cha kwanza kilibuniwa kumzuia dereva anayependa kukimbia. Vilivyofuata vilibuniwa kumzuia dereva anayependa kudanganya, na huyo ni mtu mwingine kabisa. Ndiyo maana visanduku vikaanza kufungwa kwa lakiri, vikaanza kuandika ndani yake mwendo wa gari ili rekodi iweze kusomwa baadaye. Mamlaka ya Usalama Barabarani, NTSA, iliundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Kiwango cha Shirika la Viwango la Kenya kilichotolewa mwaka 2018 kilitaka kifaa kisiishie kurekodi tu bali kiitume habari hiyo kwa NTSA gari likiwa barabarani. Kila hila ya dereva ikazaa kipande kipya cha kifaa. Ukiyafungua maboksi haya yote kwa mpangilio wa miaka, utakuwa unasoma historia ya ujanja wetu.

Tusidhani haya ni ya Wakenya peke yao. Kule Marekani magari mapya ya mwaka 1974 yalitengenezwa yasiweze kuwaka mpaka walioketi mbele wafunge mikanda. Hesabu za wahandisi zilikuwa sahihi, ila hawakuwajua watu. Wengine walifunga mkanda nyuma ya mgongo, wengine walikata nyaya, na mtu akiweka mfuko mzito wa mboga kwenye kiti, gari lilidhani ni abiria mkaidi na likakataa kuwaka. Wananchi walikasirika hata Bunge lao, mwezi wa Oktoba mwaka huo huo, likapitisha sheria ya kukiondoa kifaa kile. Nilipoyasoma haya nilicheka, nikakumbuka shati letu lisilotaka kuchafuka.

Kuna na mfano mwingine ambao unapendeza zaidi. Ralph Teetor alikuwa mhandisi Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1890 na kupofuka akiwa mtoto wa miaka mitano. Husimuliwa kwamba alikuwa akipanda gari la wakili wake, na wakili huyo alipokuwa akiongea gari lilipunguza mwendo, akisikiliza likaongeza, hata kipofu yule akawa anayumba mbele na nyuma mpaka akachoka. Kwa kuwa hakuona barabara, aliyaona mambo ambayo wenye macho hawakuyaona, yaani mguu wa mtu hufuata mdomo wake. Akabuni kifaa cha kushikilia mwendo mmoja, na Chrysler wakakiweka katika magari yao ya mwaka 1958. Hicho kinapendwa hadi leo, kwa sababu dereva mwenyewe ndiye huchagua mwendo. Kifaa cha Teetor kinamtumikia dereva, na hakuna mtu aliyewahi kukifungia swichi ya siri. Cha Michuki kinawatumikia abiria walio nyuma na mtoto anayevuka barabara, watu wasioshika usukani. Kwa hivyo kilikuwa na adui tangu siku kilipofungwa.

Kwa upande mmoja mimi namlaumu marehemu, au niseme nailaumu sheria yake. Ilichagua nambari moja, 80, kwa nchi nzima. Nambari hiyo inafaa barabara ya kwenda Nakuru au Mombasa. Lakini Jogoo Road ni barabara ya mjini, na mjini sheria inasema 50. Gari lililofungwa kidhibiti kizuri, chenye lakiri na cheti, linaweza kupita mbele ya soko la Burma kwa kilomita 75 na kisanduku kisishtuke. Kisanduku hakijui kama kiko Naivasha au kiko mbele ya lango la shule. Sisi wa Eastlands wengi ni wa kutembea na kuvuka, na hesabu za NTSA zinaonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba waendao kwa miguu ndio wanaokufa zaidi barabarani. Katika kila mmoja wa miaka 2023 na 2024 watu zaidi ya 4,000 walikufa katika barabara za Kenya. Kidhibiti cha 80 kiliwalinda zaidi abiria wa safari ndefu.

Huko Ulaya tangu Julai 2024 kila gari jipya linalouzwa katika nchi za Umoja wa Ulaya lazima liwe na kifaa kinachosoma vibao vya barabarani au ramani, kikajua kwamba hapa ni 50 na pale ni 90, kikamwonya dereva. Nacho wamekitengeneza kwa woga ule ule wa tabia za watu: dereva anaweza kukanyaga zaidi akakishinda, na anaweza kukizima, maana waliogopa kwamba wakikibana mno watu watakichukia. Sijui kama woga huo ungemwingia Kimeendeero.

Tumrudie yeye. Michuki hakukaa Wizara ya Uchukuzi muda mrefu. Mwaka 2005 alihamishiwa Usalama wa Ndani, na huko mkono ule ule uliotuletea utulivu ndani ya matatu ulionekana kwa sura nyingine. Tarehe 2 Machi 2006 polisi waliofunika nyuso walivamia ofisi za gazeti la The Standard na televisheni ya KTN, wakachoma magazeti. Waziri hakuomba radhi, bali aliutetea uvamizi kwa mfano wa nyoka aliyechokozwa, na mfano huo ukamfuata mpaka kaburini. Mwezi wa Juni 2007, katika msako dhidi ya Mungiki, operesheni ya polisi iliingia Mathare, si mbali na hapa tulipo, na watu wengi wakauawa. Kuna familia katika mitaa yetu ambazo zikisikia jina la Michuki hazikumbuki mikanda. Wahenga walisema Mgala muue na haki yake mpe, nami naona methali hiyo inasomeka kutoka pande zote mbili: sifa za mtu zisifutwe na makosa yake, wala makosa yasifichwe chini ya sifa.

Mimi nadhani, na mnaweza kunipinga katika mdahalo wetu wa Ijumaa, kwamba alikuwa mtu yule yule katika wizara zote. Aliamini kwamba watu hubadilika wakibanwa. Barabarani aliwabana matajiri wa matatu na madereva ili kuokoa roho za abiria, na nchi ikampigia makofi. Alipowabana waandishi wa habari, nchi ilishtuka. Na hata barabarani, pale alipobana bila kuiondoa tageti, ubanaji haukudumu. Sharti la mshahara wa mwezi ndilo lililosahauliwa kwanza. Mistari ya manjano ilibaki ubavuni mwa magari, na tageti ikabaki mfukoni mwa dereva, na mguu ukaendelea kuisikiliza tageti.

Aprili 2008, baada ya muda mfupi katika Wizara ya Barabara, aliwekwa Wizara ya Mazingira na Madini, na kwa miezi kadhaa akakaimu Wizara ya Fedha pia. Wengi walifikiri mzee amepelekwa mahali pa kupumzika. Yeye akashuka mtoni. Mto Nairobi, ambao sisi tunaujua kwa harufu kabla ya kuuona, alianza kuusafisha, akapanda miti kando yake karibu na Globe. Bustani iliyopatikana pale leo inaitwa Michuki Park. Ni miongoni mwa mahali pachache katikati ya Nairobi ambapo mtoto wa Eastlands anaweza kukaa kwenye nyasi bila kufukuzwa.

Alifariki tarehe 21 Februari 2012 hapa Nairobi, akiwa na miaka 79, bado akiwa Waziri na Mbunge wa Kangema, na akazikwa kwao. Mimi wakati huo nilikuwa mtoto wa miaka miwili na kitu, siwezi kudai nakumbuka.

Ninachokumbuka ni Novemba 2018. Sheria zilikuwa zimelegea kama kamba ya nguo iliyonyeshewa, na serikali ikatangaza kwamba kuanzia Jumatatu tarehe 12 msako utaanza upya: vidhibiti mwendo, mikanda, sare, mstari wa manjano, vyote kama zamani. Hawakuupa msako huo jina jipya. Kila redio ilisema sheria za Michuki zimerudi. Asubuhi ile magari mengi yalijificha. Shule zilikuwa zimefungwa, na mama alikuwa akienda Gikomba kuchukua bidhaa, basi akanishika mkono tukatembea kutoka Umoja, mimi nikiwa na miaka tisa, katikati ya umati uliokuwa unaelekea mjini kwa miguu. Jua lilipanda tukiwa bado Makadara, na viatu vilikuwa vimeniuma. Nikamwuliza mama huyu Michuki yuko wapi, ili watu hawa wote waende wamwombe alegeze kidogo. Mama akaniambia alikufa zamani. Akaeleza kwamba yeye pia alikuwa ametembea barabara hiyo hiyo mwaka 2004 kwa sababu ya mtu huyo huyo, kabla sijazaliwa. Halafu akanivua viatu, akavitia katika mfuko wake, tukaendelea.